Mume Wangu Husema Tatu

Mpendwa Bi Opal,

Naomba unisaidie katika safu yako ya gazeti, na naomba usicheke, na majina nimeyabadilisha mwenyewe maana kaunti yetu ni ndogo na watu wakikosa la kuzungumza baada ya ibada huzungumza yetu. Mume wangu nitamwita Doyle. Alikuwa sajini, alikwenda Iraki zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho lori lake lilikanyaga bomu akarudi na uti wa mgongo ulioshikizwa kwa skrubu, na baada ya hapo miaka ikawa ni ya vidonge tu, kwanza vya hospitali, halafu vya hospitali na vya kununua kwa watu, mpaka siku niliyomkuta amekaa kwenye beseni la kuogea na nguo zake zote, midomo imebadilika rangi, nikampiga makofi huku nikimwita hadi gari la wagonjwa likafika. Sikuambii haya ili kumvunjia heshima, nakuambia ujue tulikotoka.

Mwaka jana zahanati ya wanajeshi wastaafu ikaleta tiba ya sindano, zile nyembamba zilizotoka kwa Wachina, na kundi la Doyle huchomwa masikioni, vijisindano vidogo vya rangi ya dhahabu mfano wa vipini, vinakaa humo siku kadhaa mpaka vidondoke vyenyewe. Nilijua atakataa. Hakukataa. Rafiki yake Lonnie, waliyekuwa naye lori moja, alipomwona akitoka mara ya kwanza alimpigia kelele uwanja mzima wa magari ukasikia, "Hongera bibie! Nani kakutoga masikio?" na Doyle akamjibu, "Ngoja zamu yako, wewe watakutoga na pua kabisa, fahali mzee," na wiki iliyofuata Lonnie naye akawa ndani, amekaa kimya kama mtoto anayenyolewa. Wanakaa kwenye viti kwa duara, hakuna anayesema, na anayewachoma ni Bi Ocampo, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa muuguzi katika jeshi la majini, hawaulizi habari za vita hata siku moja, na Doyle anasema hiyo ndiyo sababu anarudi.

Bi Opal, alilala. Siku ile ya kwanza alilala mpaka kukakucha, mimi ndiye niliyekesha nikimsikiliza kama anapumua. Kidogo kidogo vidonge vikapungua mpaka vikaisha, akatengeneza ngazi za kibarazani zilizokuwa zimeoza tangu sijui lini, na vuli iliyopita alikwenda kwenye chakula cha kanisani akakaa meza moja na watu, akala maharagwe na mkate wa mahindi mpaka sahani ikawa nyeupe, bila kutoka nje hata mara moja. Wewe utaona ni jambo dogo, lakini mimi nilikwenda chooni nikalia.

Sasa tatizo. Kabla ya sindano na baada ya sindano, muuguzi wa mapokezi huwauliza wote swali moja: kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Doyle husema tatu. Akiingia tatu, akitoka tatu, siku aliyoshindwa kuinuka kitandani nikamvalisha soksi mimi, tatu. Nisingejua, ila huwa namngoja garini na dirisha limeshushwa, nikawasikia yeye na Lonnie wameegemea pikapu yetu.

"Leo umesema ngapi?"

"Tatu. Wewe?"

"Mbili."

"Mbili, Lonnie! Umeshuka kwenye gari kama bibi kizee anashuka mtini."

"Bibi kizee gani anapanda mti?"

"Si ndiyo nakushangaa."

Wakacheka, na Lonnie kicheko kikamkata katikati akajishika kiuno, na Doyle akaangalia pembeni kama hajaona.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, Doyle, kwa nini unawadanganya watu wanaokutibu? Hakukasirika. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ukimwambia mganga wa kikosi kwamba ni saba, kesho hupandi lori. Kiti chako anapewa mwenzako, na litakalompata huko limempata kwa sababu yako. Ukisema sifuri wanajua unaongopa. Tatu ni jibu la mtu mzima." Nikamwambia, "Baba, hapa hakuna lori." Akaniangalia kama nimetukana, akatoka kwenda kupasua kuni, na mgongo ule.

Wote husema hivyo, Bi Opal, duara zima, mbili na tatu. Na wakubwa wa zahanati wamezitazama hizo namba wakaona watu wanaingia na tatu na kutoka na tatu, wakasema basi sindano hizi hazisaidii kitu, huduma ilikuwa ya majaribio na majaribio yamekwisha, itafungwa kabla msimu wa kuwinda kulungu haujafunguliwa. Bi Ocampo aliwaambia mwenyewe. Ungedhani hapo mtu angefungua mdomo. Lonnie alisema, "Asante kwa kazi yako, mama," wakachukua kofia zao wakatoka.

Na juzi tukiwa mezani Doyle aliniuliza, bila kuinua uso, "Mama yako bado anatumia vile vidonge vya maumivu ya nyonga?" Nikasema amevimaliza. Haikuwa kweli. Kesho yake nilikwenda kwa mama nikavichukua vyote nikavificha nyumbani kwangu, chini ya blanketi za wageni, na tangu siku hiyo kila nikisikia mlango wa kabati naenda kuchungulia.

Nataka kuwapigia simu wakubwa wa zahanati niwaambie ukweli, kwamba mume wangu si tatu na hajawahi kuwa tatu. Lakini mke wa Lonnie aliwahi kupiga simu kama hiyo, wakaja watu wawili wapole kuuliza habari za bunduki, asije akajidhuru, na Lonnie akafungasha akahamia kwa kaka yake mpaka leo. Doyle alisema siku ile, "Mke anayenisemea nikiwa sipo si mke, ni mpelelezi." Nikinyamaza watafunga na atarudi kwenye vidonge, nikisema ataondoka, na akiondoka atakuwa peke yake na vidonge hivyo hivyo. Mchungaji akiniuliza habari za nyumbani namwambia hatujambo, Mungu ni mwema. Nifanye nini?

Anayengoja Garini

*

Mpendwa Unayengoja Garini,

Kwanza vidonge. Umevitoa kwa mama yako ukavileta kwenye nyumba ya mtu anayevitafuta, ukavifunika blanketi? Mwanangu, hujamfichia, umemsogezea. Leo, kabla hujaosha vyombo, viweke kwenye mkoba uvipeleke kwa mfamasia avipokee na kuviharibu. Ukiwa palepale kaunta mwombe ile dawa ya kupuliza puani ya kumzindua mtu aliyezidisha vidonge. Iweke jikoni mahali pa wazi, na Doyle mwonyeshe ilipo. Akinuna, anune. Makofi yalikusaidia mara moja, usiyategemee tena.

Sasa nikupe pole, kwa sababu naijua nyumba unayoielezea. Marehemu mume wangu alikuwa vitani Vietnam. Daktari alimuuliza tumbo linamuumaje, akasema kidogo, na daktari kwa heshima zote akamwamini akampa dawa ya kiungulia. Nilimzika mwezi Machi, ardhi ikiwa bado imeganda, wachimbaji wakalalamika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimesimama kando ya kaburi lenyewe. Kwa hiyo usiniambie wakubwa wa zahanati ni watu wabaya. Waliuliza swali, wakajibiwa na mashujaa, wakaandika walichojibiwa. Upumbavu wa mashujaa hauna mfano.

Umeniuliza kama upige simu. Usipige. Katika hilo la mpelelezi mumeo ana haki, na mke wa Lonnie amekwisha kulipia somo hilo kwa niaba yako. Ila kutomsema akiwa hayupo hakukulazimishi kunyamaza akiwapo. Toka ndani ya hilo gari. Mwambie leo kwamba safari ijayo utaingia naye, na mbele yake, ukimwangalia yeye, utamwambia Bi Ocampo yale uliyoniandikia mimi: soksi, ngazi za kibarazani, sahani ya maharagwe. Namba usiiguse. Mtu anaweza kudanganya namba maisha yake yote, lakini hawezi kudanganya kwamba alikaa mezani na watu jioni nzima. Mwombe Bi Ocampo awapelekee wakubwa hayo, aseme kwamba wanajeshi hawa wameulizwa kwa lugha wasiyoijibu.

Kabla ya hapo kuna neno moja la kumwambia Doyle, nawe ulimwambie akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, si shoka. Yeye husema tatu ili asimnyang'anye mwenzake kiti. Vizuri, huo ni utu na sitaudharau. Lakini hapa mambo yamegeuka. Akisema tatu, Lonnie ndiye anayenyang'anywa kiti, na yule aliyekaa kushoto kwa Lonnie, na wanaume ambao hata hawajafika kwenye duara lile. Alikuwa sajini. Sajini akisema nane mbele ya watu, hakuna koplo atakayethubutu kusema mbili. Wanangoja mmoja aanze, nao wamezoea kuanza baada yake.

Sitakudanganya. Huenda akasema nane na bado wakafunga. Ofisi ikishaamua hugeuka taratibu kuliko ng'ombe kwenye matope. Mimi hata sijui kama ni sindano zinazomtibu mumeo au ni kile kiti, kimya kile, na mwanamke asiyemuuliza kitu. Wewe pia hujui, na usibishane na mtu juu ya hilo. Kama watafunga, daktari wake anaweza kumwandikia akachomwe kwa mtu wa nje, hata kama ni mwendo wa kuvuka milima miwili, nawe utaendesha. Kama hakuna wa nje, basi hao wanaume waendelee kukutana siku ileile na saa ileile, kanisani au gereji kwa mtu, wakae kwenye duara na wanyamaze bila sindano. Wewe ndiye utakayepika kahawa. Mke wa Lonnie mwite mpike pamoja, anahitaji pa kwenda kuliko wewe.

Bunduki za Doyle za kuwindia usizihamishe kwa siri. Mwombe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba msimu wa kulungu ukiisha zikakae kwa mtu anayemwamini mpaka majira ya baridi yapite. Muulize nani. Mwache achague yeye.

Mwisho nina ugomvi na wewe. Mchungaji anakuuliza, unamwambia hatujambo, Mungu ni mwema. Huyo ni nani anayesema tatu sasa? Nimeisoma barua yako yote mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo unavyojisikia, sikupaona. Umemwambia anadanganya, umemwambia hapa hakuna lori, umemwambia mama amemaliza vidonge. Yule bwana anadhani anakulinda, na atakulinda hivyo hivyo mpaka akufanye mjane. Kwa hiyo usimwambie kwamba anaumwa, hilo analijua kuliko mimi na wewe. Mkalishe chini umwambie unaogopa kumzika.