Niliita Majina Yote Mawili

Kalemie, 9 Februari 1983

Mudogo wangu Banza,

Mvua imebomoa jiko letu, lakini samaki hawakosekani, na mutoto wako Kyungu anakula vizuri.

Tangu tulipomuzika pacha wake Kabange, hakufungua kinywa darasani mwangu. Nilimukaripia, mimi shangazi yake! Kumbe kosa njo langu: nilikuwa nimefuta jina la Kabange katika buku ya darasa, nawe unajua pacha haitwi peke yake.

Jumatatu nikaita majina yote mawili. Kyungu akasimama: "Niko." Halafu, kwa sauti ndogo: "Niko." Akaomba chaki, akaandika ubaoni.

Direkta akauliza kwa nini ninaita mufu. Nikamuambia aingie kwanza, amusikie mutoto anavyosoma.

Ukimutumia nguo ya Pasaka, tuma mbili.

Dada yako,
Alphonsine