Fidla kwa Mzee Masanja

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, na salamu zako zimefika kwa wote. Huku Ushirombo tu wazima. Pacha wako Doto amejifungua mtoto wa kike, na mvua zimeanza vizuri. Umeniuliza kama hiyo kompyuta ya redioni kwenu inaweza kuchagua muziki vizuri kama mtu. Sijui, mwanangu, ila nitakusimulia Jumapili moja.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana wa kwaya, Padre alinikabidhi santuri za muziki wa Ulaya, nizipige kwenye kipaza sauti baada ya misa. Alizipanga mwenyewe, mimi nilifuata tu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya tarumbeta za shangwe. Lakini barazani nilimwona Mzee Masanja, aliyekuwa amemzika mkewe wiki ileile, ameketi peke yake. Mkono wangu ulikataa. Nikaweka fidla, moja tu, nzito na ya polepole.

Padre akatoka haraka. "Mbona umebadilisha?"

Kabla sijajibu, Mzee Masanja akaniita. "Mayu, mama yangu, huyo anayelia ndani ya sanduku, naye amefiwa?"

"Nadhani, baba."

"Basi mwache amalize."

Padre akaketi kando yake, wakasikiliza pamoja hadi mwisho. Tangu siku hiyo hakunipangia tena santuri hata moja, na mpaka leo nikilikumbuka hilo natembea kifua mbele.

Mungu akulinde huko Dar es Salaam, na usiache kula.

Bibi yako akupendaye,
Veronika