Bomba la Mwisho la Ngoja

Baba,

Nianze na ya nyumbani, maana ungeuliza hayo kwanza. Zile nyumba za kupangisha zimefika kwenye paa. Mama anazisimamia mwenyewe, na mafundi wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe.

Ya pili ni Ngoja. Bado imesimama nyuma ya jiko hapa Mutuini: mabomba yote ya plastiki uliyobeba kutoka mijengo ya Kitisuru, na patapata yako, ile ndala ya kuyapigia, imening'inia kwenye msumari. Majirani wanaamini hilo ndilo jina ulilokipa chombo chako cha muziki. Hawajui ulikuwa unaniambia mimi. Kila nikishika msumeno: "Ngoja kwanza! Bomba ndefu utapunguza. Fupi utafanyia nini?"

Mama alitaka kuivunja. Vyoo vya wapangaji vinahitaji mabomba, akasema, na chombo kisichoweza hata wimbo mmoja wa kanisa ni takataka iliyosimamishwa. Nikamwomba anipe hadi Jumapili. Kusema kweli hakukosea. Wimbo anaoupenda unaishia kwa sauti nzito ya chini kabisa, na bomba la sauti hiyo uliondoka hujalikata. Lilikuwa limebaki hilo moja tu.

Nililikata refu, kama ulivyonifundisha. Nikasugua mdomo wake kwa msasa, nikapiga, nikasugua tena. Jumapili baada ya ibada bado lilikuwa chini kidogo, lakini Mama alikuwa ameshaketi juu ya ndoo na kitambaa chake cha kanisa kichwani, mikono kifuani. Basi nikapiga.

Wimbo ulienda vizuri. Kufika mwisho, lile bomba likanguruma, likakosa sauti kwa unywele. Nikauchukua msasa haraka nilirekebishe kabla hajanena.

Mama akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Wacha hivyo. Si babako ndiyo alikuwa anaimbanga hivi? Miaka yote kanisani, yeye na hiyo note hawakuwahi patana."

Akacheka mpaka akalia. Mimi nilidhani nimemaliza kulia, Baba. Kumbe bado.

Vyoo vitanunuliwa mabomba mapya, ameshasema. Wewe lala salama. Hilo lako silikati tena.

Binti yako.