Nani Aliamuru Nyangumi wa Shumba Azikwe

Jadida, Wete. Ijumaa, mwezi wa Agosti, 1936

Kusi limevuma tangu alfajiri. Mvua inakuja na kuondoka, rasharasha tu, isiyojaza mtungi wala isiyoacha nguo zikauke. Nimetoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa na sikurudi ofisini. Nyumba kimya. Mke wangu, Mize, bado yuko kwao Shumba.

Moyo mzito, na wa kumweleza sina.

Asubuhi Bwana Disii, mkuu wetu wa wilaya, alirudi kutoka Chake. Aliniita na hakuniambia nikae. Anataka kabla ya Jumatatu nimwandikie ni nani aliyeamuru yule nyangumi azikwe. Nilimjibu kwamba nitaandika, nikatoka kinyumenyume kama mtoto wa chuoni, mtu mzima mie, karani wa serikali.

Kwanza niyaandike hapa, yalivyokuwa, kabla sijayaandika kule kwa lugha ya ofisi.

Nyangumi alipwelewa kwenye ufuo wa Shumba wiki ya juzi. Alikuwa jike, mkubwa kupita nyumba yangu, na alikuwa amekwisha kufa maji yalipotoka. Watu walikwenda na mashoka kutafuta mafuta ya kupaka vyombo vyao vya bahari. Mmoja wao shoka lake likagonga chuma ndani ya nyama ya mgongo. Sheha Faki, mkubwa wa Shumba, aliniletea kile chuma ofisini, kimefungwa kwenye kipande cha kaniki. Kilikuwa kama mshale mnene, kimechongwa nambari na maneno ya Kiingereza, kwamba atakayekiona akipeleke serikalini.

Nilipeleka habari Unguja kwa simu ya upepo, ile ya maandishi. Jawabu lilikuja upesi kuliko nilivyowahi kuona jawabu la Unguja likija.

Mshale ule ulipigwa na wataalamu walioko kwenye meli, kule kusini kabisa, mwisho wa dunia, ambako bahari yenyewe huwa barafu. Wanawapiga nyangumi mishale bila ya kuwaua ili wajue wanakwenda wapi baridi ikizidi. Huyu wetu alitoka huko mpaka Shumba. Nakiri nilijisikia fahari. Kipande changu cha nchi, ambacho hata Unguja wanakisahau, kilikuwa kimeingia katika elimu ya dunia, na mimi ndimi niliyetakiwa kuziunganisha idara zote mpaka mtaalamu afike.

Kuziunganisha. Neno zuri likiwa kwenye simu.

Wataalamu walisema asiguswe hata kidogo. Idara ya afya ikasema azikwe mara moja, mbali na watu. Forodha ikasema kila kinachotupwa na bahari ni mali ya serikali na haruhusiwi mtu kukisogeza. Polisi wakaweka askari. Ujenzi, niliowaomba kamba na vibarua, wakajibu kwamba jambo hilo ni la forodha. Na Bwana Disii alikuwa Chake kwa kazi nyengine. Akanijibu nifuate maagizo. Yapi kati ya hayo, hakusema.

Kwa hiyo nilifanya anachofanya karani. Niliandika, nikangoja. Nikaandika tena.

Nyangumi akaoza. Yeyote aliyepita Konde wakati ule atasema harufu ilifika mpaka barabarani. Lakini harufu haikuwa tatizo. Kisima cha watu wa ufuoni kiko karibu na mchanga, na bahari ikijaa sana maji hukaribia mdomo wake. Sheha Faki alikuja tena Wete kwa miguu. Aliniambia maji yamefanya utando wa mafuta juu na watoto wameanza kuharisha.

"Tupe ruhusa tumwondoe," alisema. "Hatutaki mafuta yake tena. Tunataka maji yetu."

Nilimwambia asubiri kidogo. Nilimwonyesha na simu zenyewe, kama kwamba zingemsaidia kitu.

Miongoni mwa walioumwa alikuwemo Time, mtoto wa dada yake Mize. Mize ndiye aliyemlea tangu akinyonya, kwa kuwa sisi Mungu hakutujaalia. Mara tu habari zilipofika, Mize alijifunga kanga akaondoka, na hakuniuliza kama nampa ruhusa.

Jumapili alikufa mtoto wa Makame, mvuvi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Jumatatu nilichukua baiskeli ya ofisi nikaenda Shumba. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Makame, nikafika bila ya hata moja. Mize alikuwa mlangoni kwa dada yake, macho yamemwiva. Hakunikaribisha.

"Mtoto wa Makame tumemzika jana," alisema. "Weye ulikuwa unangoja simu."

 Alirudi ndani kwa Time.

Nilikwenda ufuoni nikamwambia Sheha amzike nyangumi. Askari aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na ofisi, na yeye maskini akaridhika, kwa sababu naye alikuwa amechoka kuziba pua.

Sikutaka kuwatupa wale wataalamu moja kwa moja. Tulimpima kwa kamba, kichwa mpaka mkia. Nikaagiza iwekwe kando mifupa na zile nyuzi ngumu za mdomoni ambazo walizitaja katika simu yao. Kisha wanaume wakaanza kumkata vipande na kuvikokota juu, upande ulio mbali na kisima.

Walipofungua tumbo, kazi ilisimama. Ndani mlikuwa na mtoto. Kamili, na mapezi yake na macho yake yaliyofumba.  Makame alikuwepo pia, ameshika shoka. Aliliweka chini akaenda zake. Sheha Faki akasema yule mdogo azikwe peke yake, pembeni, chini ya miti ya mikadi.

Jumatano mtaalamu akafika kwa stima. Kijana, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili hajui. Jana nilimpeleka Shumba mimi mwenyewe, akalikuta tuta la mchanga.

Nilitarajia atafoka. Ningefurahi angefoka. Alizunguka lile tuta, akaitazama ile mifupa tuliyomwekea, akaniuliza pole pole kama jike alikuwa na mimba. Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Alinieleza, na maneno yake bado yako nami. Mataifa yanawavua nyangumi kule kwenye barafu mpaka wanakaribia kwisha. Kila wakikaa kutaka kuweka sheria ya kuwahifadhi, sheria hukwama, kwa kuwa hakuna awezaye kusema wanazaa wapi. Pengine jawabu lilikuwa Shumba.

Sasa mwenye haki ni nani hapo? Nimelipima jambo hili tangu jana na mizani hainitulii. Siwezi kusema yule kijana alikuwa mbaya. Alikuwa mbali tu.

Aliniomba nimwombee kwa Sheha ruhusa ya kumfukua yule mdogo. Niliona aibu hata kuyatafsiri. Sheha Faki alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kofia yake nyuma.

"Afukue," alisema. "Siye hatumzuii mtu ilimu. Lakini kwanza atuchimbie kisima. Kule juu, penye udongo mwekundu, bahari isikofika."

Nilitafsiri. Mtaalamu akauliza kwa nini kisima. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika simu zote zile zilizokwenda na kurudi, hakuna hata moja iliyomweleza habari za maji, wala za mtoto wa Makame. Niliwaandikia afya. Niliwaandikia ujenzi. Wao hawakumwambia, nami sikufikiri kumwandikia, kwa kuwa maji si kazi ya mtaalamu wa nyangumi. Nikamweleza pale, nimesimama. Alibadilika rangi.

Akasema stima ina mabaharia wanaongojea upakiaji, na nahodha atampa baadhi yao. Majembe pia anayo. Akaniuliza tu, ruhusa ya kuchimba kisima inatoka idara gani?

Naijua. Inatoka ujenzi, ipite afya, irudi kwa Bwana Disii, iende Unguja. Ingefika wakati wa mvua za masika.

Nilimwambia ruhusa haihitajiki.

Leo asubuhi, mimi nikiwa nimesimama mbele ya meza ya Bwana Disii, wao walikuwa tayari wanachimba. Bwana Disii hajajua habari hiyo. Atakapoijua atakuwa na maswali mawili badala ya moja.

Dereva wa lori la Konde aliyepita mchana kaniletea salamu za Sheha. Wamefika kwenye unyevu, na Makame anachimba pamoja nao. Time ameamka, kaomba uji. Nilimshukuru Mungu mpaka dereva akaniuliza kama naumwa. Kutoka kwa Mize hakuna salamu.

Daktari wa hapa Wete anasema hawezi kuthibitisha kuwa ni kisima kilichomuua yule mtoto. Watoto huharisha kila mwaka, anasema. Alikusudia kunifariji. Lakini Sheha alisimama mbele yangu akaniambia watoto wanaumwa, nami nikamwonyesha karatasi. Hilo halihitaji daktari wa kulithibitisha.

Ningeweza kuandika barua ambayo wote tungepita salama. Najua kuiandika. Ningesema idara ya afya iliagiza maziko tangu mwanzo, na ni kweli, simu yao ninayo. Bwana Disii angeridhika, afya wangelaumiana na forodha, na jambo lingelala kabatini. Nimeziandika nyingi za namna hiyo, kwa ajili ya wakubwa.

Naijaribu hapa, nione inavyokaa: Mimi ndimi niliyeamuru nyangumi azikwe. Kisima kipya nimekiruhusu mimi. Nilichelewa kuamuru.

Huenda wakaniondoa kazini. Nimejitazama kama naogopa, na naam, naogopa.

Barua itakuwa mezani kwake kesho asubuhi, kisha nitapanda lori la Konde. Kwa Makame nitabisha kwanza. Kwa Mize nitabisha baadaye, na kama atanifungulia au hatanifungulia, hilo halimo katika mambo ninayoweza kuyaamuru.