Kukaza Cheni Bila Mama Neema

Jumamosi, Malangali

Basi tairi la nyuma la pikipiki nimelifungua mwenyewe, nikaziba pancha, nikalirudisha. Ekseli ilikataa kupita mara tatu, nikaitukana. Nilipotia tofali chini ya tairi ndipo ikapita.

Ikabaki kukaza cheni. Cheni hupimi siti ikiwa tupu, maana ukishapakia mtu inakaza mno. Nikasema kwa mazoea, "Haya, kaa, Mama Neema."

Mke wangu ana wiki tatu kaburini.

Nikapandisha gunia la mahindi mahali pake, nikaendelea. Kesho napeleka nguo zake kwa mama yake, kule Laela, na sijui nitaanzia wapi hata kumwamkia.

Cheni imekaa vizuri. Ila gunia haliulizi kila dakika, "Baba Neema, bado tu?"