Chapati ya Kwanza ya Asajile

Angel uko wapi?? Shika simu. Fundi Asajile leo katimua mbio mbele ya gereji nzima, na kilichomkimbiza ni kibao cha chapati 😂😂

Unakijua kile kibao chake cha kuzibia hewa. Injini ya dizeli ikitoka kufunguliwa, haiwashi mpaka kibao kiwe pembeni, maana ikianza kunywa oili yake yenyewe, swichi haisaidii kitu. Unaiziba pumzi ndipo inazima.

Sasa asubuhi kibao cha Ferista muuza chapati kimepasuka. Asajile mwenyewe kamwazima chake! "Chukua dada, ila chapati ya kwanza ni yangu." Kisha kasahau.

Kawasha lori la yule Mzambia. Weee! Injini ikapanda, ikapanda, moshi mpaka barabarani. Kazima swichi, wapi! Dereva kashavuka mpaka, kakimbilia upande wa kwao Zambia. Asajile ananyoosha mkono achukue kibao... hakipo. Hakipo, Angel!

Ndipo akatoka mbio. "Dada, kibao! Kibao!" Ferista anasukuma zake, hana habari. Kapokonywa kibao na chapati mbichi juu yake, kikabandikwa hivyo hivyo kwenye mdomo wa hewa. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Asajile kaegemea lori, anafuta jasho.

Ferista kaja taratibu, kabandua kibao chenyewe, kaiangalia chapati: katikati tundu la duara kabisa.

"Ya kwanza ndiyo hii, Asajile. Injini yako imeshaila. Usinidai nyingine."