Yadi Tisa, Mita Tisa

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Kisenyi. Sisi tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini chai haimpiti.

Umeniuliza: programu yenu imechanganya futi na mita, je, mkihamia lugha nyingine ya kompyuta kosa halitarudi? Mimi kompyuta siijui. Nimekumbuka tu gauni langu la harusi.

Fundi cherehani wa Nateete alimwambia mama alete kitambaa, tisa. Mwenye duka akapima tisa. Siku moja kabla ya nikaha, gauni likaja bila mkono wa kulia.

"Nilitaka mita!" fundi akalalamika.

"Ulisema tisa," mama akamjibu. "Na dukani wanapima kwa yadi, fupi kuliko mita."

Nililia sana. Mama hakubishana tena. Alivua shela yake nyeupe, akamwambia fundi akate mkono humo.

Lugha inayokataa kujumlisha futi na mita ni nzuri, mjukuu wangu, itumieni. Lakini inakagua kile ilichoambiwa tu. Namba ikitoka mdomoni mwa mtu bila kipimo chake, lugha itaamini lolote mtakaloandika. Hapo lazima mmoja wenu aulize: tisa gani?

Asubuhi ya harusi nilitembea kama niko ndotoni, kitambaa kikipepea polepole. Mkono wa kushoto ulinukia upya wa dukani. Wa kulia ulinukia udi wa mama, nami nikawa nauinua usoni kila mara, hata mbele ya wageni.

Nakuombea kila alfajiri.

Bibi yako,
Zaituni